Siku Mbili Berlin, Kumtafuta Mpagazi

Ndugu msomaji, kijana wa kwetu akibahatika kufika Berlin kitu cha kwanza anachokitafuta ni picha. Atapiga picha mbele ya lile lango la Brandenburg, atapiga kwenye kipande cha Ukuta kilichobaki, atapiga chini ya mnara wa televisheni pale Alexanderplatz, kisha zote zitatumwa nyumbani usiku huohuo ili mtaa mzima ujue kwamba fulani kafika. Sibezi, maana hata mimi ninazo. Lakini mara ya kwanza kwenda mji ule sikwenda kwa ajili ya picha. Nilikwenda kuangalia mifupa.

Mimi nasoma uuguzi katika mji wa Magdeburg. Huku kijana aliyeishia sekondari anaweza kufundishwa kazi kwa miaka mitatu akiwa mwanagenzi, wiki kadhaa darasani na wiki kadhaa wodini, na mwisho wa mwezi anapata kijishahara. Wikiendi za kupumzika ni za kuhesabu. Basi ilipotokea Jumamosi na Jumapili ambazo mimi na mwenzangu, Mchaga mmoja wa Moshi, hatukupangiwa zamu, tukapanda treni ya asubuhi. Ni mwendo wa karibu saa mbili. Njiani tulibishana. Yeye alitaka Ukuta na maduka, mimi nilitaka makumbusho. Tukakubaliana kwamba Jumamosi ni yangu, Jumapili ni yake.

"Mtu anatoka Lindi mpaka Ulaya kwenda kuona mifupa," akasema. "Kwenu hamna makaburi?"

Ngoja nieleze. Mimi ni mtu wa Mtama, na bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na hadithi moja ambayo tuliisikia mpaka tukaichoka. Babu yake alikuwa mmoja wa watu waliobeba "mawe ya Mdachi" kutoka Tendaguru mpaka Lindi mjini. Bibi alipokuwa mtoto kazi yake jioni ilikuwa kumkuna babu huyo mgongoni, na anasema begani kulikuwa na nyama ngumu kama gome la mwembe. Ndipo mizigo ilipokaa. Babu alimwambia kwamba mizigo ile ilikuwa mikavu lakini mizito, kama kumbeba mtu aliyekufa zamani. Akiulizwa ndani kulikuwa na nini, alijibu: mguu wa dubwana. Sisi wajukuu tulicheka sana. Shuleni mwalimu wa historia aliligusa jambo hilo kwa sentensi moja, tukanakili, kengele ikalia.

Kutoka stesheni kuu ya Berlin unafuata barabara inayoitwa Invalidenstraße, unavuka daraja la mfereji ambalo enzi za Ukuta lilikuwa kituo cha kukagulia watu, na baada ya mwendo mfupi kwa mguu unaliona jumba la makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Unalipa, unapita mlango, na hapohapo, bila taarifa, mnyama amesimama mbele yako.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kikubwa. Hata hivyo miguu ilikufa ganzi. Kutoka sakafuni mpaka kichwani ni mita 13 na sentimita 27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayofika juu kuliko hiyo. Mimi si mfupi, lakini kichwa changu hakikufika begani mwake. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama. Mchaga wangu, ambaye njia nzima alikuwa anatania, alivua kofia.

Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai. Neno la kwanza linatokana na twiga, kwa ajili ya shingo. La pili linatokana na Branca, mkurugenzi wa jumba lile aliyechangisha fedha za safari ya kumchimba. Aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, na alifukuliwa Tendaguru, kilima kilicho kama kilometa 60 kutoka Lindi. Kusema kweli yule pale si mnyama mmoja. Ni mifupa ya wanyama kadhaa iliyounganishwa, na penye pengo pakazibwa.

Historia yenyewe inakwenda hivi. Wenyeji walikuwa wanaiona mifupa ile ikichomoza ardhini tangu zamani. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Sattler, akaiona naye, na kwa kuwa alikuwa na mahali pa kupeleka barua, ikahesabiwa kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Mwaka 1907 akaja mtaalamu, Eberhard Fraas, akapeleka kwao vipande vya kuonyesha. Mwaka 1909 Berlin ikatuma msafara kamili chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi iliendelea mpaka 1913, na msimu wa 1912 aliisimamia Hans Reck. Wachimbaji mwanzoni hawakufika 200, baadaye walikuwa kama 500. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na plasta, ile midogo ikabebwa kichwani na begani, ile mikubwa ikaning'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu wengi. Siku kadhaa za kutembea mpaka Lindi, halafu melini. Iliyobebwa yote kwa jumla ilizidi tani 200. Vipo vifurushi vya mianzi vilivyokaa Berlin zaidi ya miaka 100 bila hata kufunguliwa. Watu wakavunjika mabega, mzigo ukaenda kuwekwa stoo.

Sasa tazama miaka. Vita ya Maji Maji ilianza 1905, nayo ilipiganwa hukohuko kwetu. Mwezi Agosti mwaka huo misheni ya Nyangao, jirani kabisa na Mtama, iliharibiwa. Wadachi wakajibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo yanafika mpaka watu 300,000. Vita ikazimwa 1907. Mwaka 1909 Janensch anawasili na kutafuta vibarua.

Ninaposoma vitabuni kwamba wenyeji walijitokeza kwa wingi kutafuta kazi Tendaguru, nasadiki. Walilipwa, hilo nalo ni kweli. Lakini ni mtu gani ambaye ghala lake limechomwa, ambaye anadaiwa kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, akaisikia kazi ya rupia akaacha kujitokeza? Babu yule wa bibi alikuwa kijana wakati wa vita. Alishika mkuki? Alikimbilia porini? Bibi hakusema, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa mtoto, nilitaka sehemu ya dubwana tu.

Kuna jina moja la mtu wetu ambalo lilibaki kwenye maandishi ya msafara ule: Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi aliyeweza kuufukua mfupa bila kuuvunja na kuwafundisha wengine. Mwaka 2007 wataalamu walipochambua upya mifupa ya Tendaguru na kumtambua dinosaria mwingine, walimwita Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Karibu miaka 100 baadaye, lakini limeingia. Mwaka huohuo wa 2007 yule mkubwa naye alisimamishwa upya, maana mara ya kwanza aliposimamishwa, 1937, mkao wake ulikosewa. Zipo picha za mwaka ule wa 1937: mnyama wa Lindi kasimama, na nyuma yake zinaning'inia bendera za Hitler.

Nikaenda pembeni, karibu na ngazi, nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, yule babu yake bibi, aliyebeba mawe ya Mdachi, alikuwa anaitwa nani?"

Kimya. Nikadhani salio limekatika.

"Sisi tulisikia babu, babu, basi. Alikuwa babu upande wa mama yake, kwa hiyo hata kwenye jina la bibi yako hayumo. Kuna nini? Wanatoa fidia?"

"Hapana mama. Nataka kujua tu."

"Muulize mjomba wako," akasema. "Na uvae sweta."

Nilirudi ukumbini nikiwa na aibu. Mchaga aliniuliza kama nimelijua jina, nikamwambia bado. Akatazama juu, akatazama chini, akasema: "Sasa Mmwera, wakiamua kumrudisha huyu, mtamweka wapi? Stendi ya Mtama?" Tukacheka, lakini lile ndilo swali lenyewe. Hata bungeni kwetu wabunge wamewahi kulihoji. Wako wanaosema arudi. Wako wanaosema hatuna jengo wala wataalamu, tudai ushirikiano na mgao wa faida. Mimi, kama utaniuliza kijiweni, nitasema arudi. Ukiniuliza peke yangu, usiku, nitasema sijui. Lakini kwamba mtoto wa Lindi lazima apate visa ndipo amwone mnyama aliyelala chini ya shamba la babu yake, hilo halijakaa sawa, hata ulizungushe vipi.

Tulipotoka tulifuata barabara ileile ya Invalidenstraße kuelekea mashariki. Inakoishia unakutana na Brunnenstraße, unapinda kulia. Nilikuwa na namba ya nyumba mfukoni, 193. Mchaga alidhani tunakwenda kula.

Mbele ya nyumba hiyo, kwenye njia ya waenda kwa miguu, pana kijiwe cha shaba ya njano chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10. Wajerumani wanaviita mawe ya kujikwaa. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, aliyeanza miaka ya 1990 kuvichimbia mbele ya nyumba za watu waliouawa na Wanazi, na sasa Ulaya nzima vimezidi 100,000. Vingi vinaanza kwa maneno mawili: Hier wohnte. Hapa aliishi. Hiki cha Brunnenstraße ni cha kijana wa Dar es Salaam.

Jina alilolitumia huku ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa 1904, baba yake akiwa askari wa jeshi la Wadachi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, mtoto yule, hajafika hata miaka kumi na tano, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929, akiwa ameshafanya kazi ya uhudumu melini, akafika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Serikali ikamjibu kwamba amechelewa.

Angeweza kurudi, akabaki. Akapata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, lenye migahawa ya mitindo ya nchi mbalimbali. Vilevile akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu, msaidizi wa profesa Diedrich Westermann. Januari 1933, mwezi uleule Hitler aliposhika madaraka, akamwoa mwanamke wa Kizungu, Maria Schwandner. Akaigiza katika filamu zaidi ya 20, na unaweza kukisia alipewa nafasi gani: mhudumu, mtumishi, mpagazi.

Hapa ndipo mimi, ninayejidai nitaandika riwaya, ninapokwama. Ningependa Husen awe shujaa wa kawaida, niandike kwa raha. Hakuwa. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Vita ya pili ilipoanza 1939 alijitolea kuingia jeshi la Ujerumani, akakataliwa. Alihudhuria mikutano ya watu waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni, yaani irudi kututawala. Na filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, iliitwa "Carl Peters", ya kumsifu mtu yuleyule aliyetwaa nchi yetu. Humo Husen aliigiza kama kiongozi wa msafara. Alikuwa anataka nini? Mshahara wake tu? Kutambuliwa? Au alishaona kwamba Mwafrika mwenye mke Mzungu, Berlin ya Hitler, akinyamaza anakufa, kwa hiyo akajitia kimbelembele?

Hata hivyo hakuokoka. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Waliliita kosa hilo "kuaibisha rangi". Hakupelekwa mahakamani. Alifungwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Nilichuchumaa nikakisugua kile kijiwe kwa leso. Mama mmoja mwenye mbwa alisimama akatusubiri tumalize, akapita pembeni asikikanyage. Mchaga akauliza: "Na huyu naye wa kwenu?"

"Huyu wa Dar."

"Wa wote, basi," akasema. Siku ile hakutania tena.

Tulilala kwenye hosteli ya bei poa, watu wanane chumba kimoja, mmoja wao akikoroma kama mashine ya kusaga. Asubuhi tukafuata picha za Mchaga. Lango la Brandenburg, jengo la bunge, yote sawasawa na kadi za posta. Nikamwomba dakika kumi tu, tukashika barabara ya Unter den Linden mpaka chuo kikuu cha Humboldt.

Nilitaka kusimama pale kwa sababu zamani chuo hicho kilikuwa na taasisi ya lugha za mashariki, iliyoanzishwa 1887, na Kiswahili kilifundishwa tangu mwanzo. Wanafunzi walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wamisheni waliokuwa wanajiandaa kuja kwetu. Walimu wenyewe waliletwa kutoka pwani. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha kuanzia 1891 mpaka 1895, akaandika kwa Kiswahili habari za safari yake na mambo aliyoyaona mjini humu, zikachapwa 1894. Kwa hiyo, ndugu zangu tunaojifunza kuandika, makala hii unayoisoma si mpya hata kidogo. Mswahili aliandika kuhusu kutembea Berlin zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Baada yake, mwaka 1900, akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Huyu ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya kitabu "Desturi za Wasuaheli", kilichotoka 1903. Jalada likaandikwa jina la Carl Velten. Ilibidi ifike 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipochapishwa, ndipo jina la Mtoro likakaa juu ya kitabu. Yeye alikwisha kufa tangu 1927, hapahapa Berlin. Alikuwa ameoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 walipojaribu kurudi pamoja Afrika Mashariki, serikali ya koloni haikukubali ashuke na mke Mzungu. Wakarudishwa Ulaya. Mtu kazuiwa kuingia kwao na watu ambao hapo si kwao. Hebu fikiri.

"Dakika kumi zimekwisha," Mchaga akasema, "na kwa hesabu yangu zilikwisha nusu saa iliyopita." Kumbe lakini na yeye alikuwa na yake. Alitaka kuona barabara ya Wilhelmstraße, maana ndipo ulipofanyika ule mkutano tuliokaririshwa sote kidato cha pili: tarehe 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, mataifa 14, Mwafrika hata mmoja hayumo. Tulikuta kibao cha kumbukumbu, namba 92. Jumba lenyewe la Bismarck halipo. Ni nyumba za watu, nguo zimeanikwa barazani. Tulisoma kibao, tukatazamana, tukaondoka. Unasimama mahali ambapo bara lako liliwekwa mezani na huhisi kitu, ila njaa.

Lakini siku moja baada ya mkutano ule kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, Mfalme wa Ujerumani alimpa Carl Peters na kampuni yake hati ya ulinzi juu ya nchi alizodai kupewa. Peters alikuwa amepenya bara mwishoni mwa 1884, akazunguka Usagara na jirani zake wiki chache, akarudi na makaratasi yenye alama za machifu. Kila mwanafunzi wa Tanzania anamjua Mangungo wa Msowero. Ndiye chifu aliyewekeana mkataba na Peters Novemba 1884, na sisi tumelishika jina lake kwa kulicheka tu, eti aliuza nchi bila kusoma. Na hao wengine waliotia alama zao, tunawajua?

Kutoka katikati ya mji ukipanda treni ya chini, laini ya U6, kuelekea kaskazini, unapita kituo cha Naturkundemuseum, pale kwa mnyama wetu, halafu vituo saba mbele unashuka Afrikanische Straße. Mtaa mzima umepewa majina ya kwetu: Kameruner Straße, Togostraße, Ugandastraße, Usambarastraße, Tangastraße, Sansibarstraße. Usidhani ni urafiki. Majina mengi ni ya enzi za ukoloni, na karibu na hapo, ilipo leo bustani ya Rehberge, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipanga kujenga uwanja wa maonyesho ya wanyama na watu kutoka Afrika. Vita ya 1914 ikaukata mpango. Leo ni mtaa wa wafanyakazi, watu wa kila rangi, duka la Mturuki, saluni ya Mghana, wamama na mikokoteni ya watoto. Tulikula maandazi ya Kighana, yakatukumbusha nyumbani kwa ubaya, maana hayakuwa na iliki.

Ilikuwepo humo barabara iliyoitwa Petersallee. Wanazi waliipa jina hilo 1939, kwa heshima ya Carl Peters. Mwaka 1986 ikaamuliwa kwamba jina libaki lilelile ila sasa liwe la Peters mwingine, mwanasheria Hans Peters aliyewapinga Wanazi. Ujanja wa kiofisi huo, hata kwetu upo. Wanaharakati hawakukubali, baadhi ya wakazi nao wakaenda mahakamani kupinga mabadiliko, mambo yakavutana miaka na miaka. Hatimaye tarehe 23 Agosti 2024 barabara ikagawanywa majina mawili: upande mmoja Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Kiherero aliyeuawa Windhoek mwaka 1959 watu walipokataa kuhamishwa, na upande mwingine Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao. Maji-Maji-Allee. Herufi za kawaida, kibao cha kawaida, njiwa kakaa juu yake. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikakosa. Nikamwambia Mchaga anipige picha, na safari hii nilisimama kama mtu wa studio.

Alipomaliza hakunirudishia simu. Alikuwa ameganda. "Wewe unajua Peters alifanya nini kwetu?" akauliza. Nilijua kijuujuu. Akanieleza, na maelezo yake yanalingana na vitabu. Baadaye Peters alitumwa Kilimanjaro kama mwakilishi wa serikali, na huko, kati ya 1891 na 1892, alimnyonga mtumishi wake Mabruk na msichana aliyeitwa Jagodia. Watu wakampa jina la Mkono wa Damu. Ilipokuja kujulikana Ulaya ikawa kashfa, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi. Ni Hitler aliyemsafisha, na ndiyo maana akapewa barabara, ndiyo maana ikatengenezwa filamu, na ndiyo maana Husen wetu akaitwa kuigiza.

"Na kichwa cha Mangi Meli mpaka leo hakijaonekana," Mchaga akaendelea. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kililetwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin yana ndugu walio hai Kilimanjaro; la Meli halikuwemo. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, akaomba msamaha mbele ya ndugu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 na ambaye fuvu lake nalo linatafutwa. Mchaga alikuwa anayajua hayo yote kwa tarehe. Njia nzima ananicheka na mifupa yangu, kumbe yake kaifungia moyoni.

Hatukwenda madukani. Tulikaa kwenye benchi mpaka baridi ikatufukuza.

Ndani ya treni ya kurudi Magdeburg simu ikalia mlio wa ujumbe. Mjomba. Alikuwa amerekodi sauti, jogoo wanasikika nyuma yake.

"Mpwa wangu, mama yako kaniambia. Yule mzee namfahamu, kaburi lake liko chini ya mkorosho, ule uliokatwa." Kisha akataja jina, la Kiislamu, na la baba yake.

Niliandika kwenye daftari. Sijaweka kalamu chini, ukaingia ujumbe wa pili, wa mama mdogo, ambaye mjomba alikuwa amempigia kujisifu. Anasema kaka yake kakosea. Jina lile mzee alilipata baadaye, aliposilimu, akiwa mtu mzima. Alipokwenda Tendaguru alikuwa bado anaitwa kwa jina la Kimwera, na kama Wadachi walimwandika popote, walimwandika kwa hilo. Akalitaja. Mjomba akarudi: hilo lilikuwa jina la ndugu yake, si lake. Mama mdogo akarudi: wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Mjomba: na wewe ulikuwa umezaliwa?

Mpaka tunashuka Magdeburg walikuwa wanaendelea. Jumatatu nilikuwa na zamu ya alfajiri, nikazima simu nikalala. Daftarini ninayo majina mawili. Sitayaandika hapa mpaka wakubaliane.